Sura ya Nne: Mtunzi wa Chumbani

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Septemba 1912, mjini Prague, mwanasheria wa miaka 29 aliketi mezani saa nne za usiku akaanza kuandika hadithi. Hakuinuka hadi saa kumi na mbili asubuhi. Miguu ilikuwa imekakamaa kwa kukaa, akapata taabu kuitoa chini ya meza. Mtumishi wa nyumbani alipopita alfajiri ile, kijana alijinyoosha mbele yake akamwambia kwamba alikuwa anaandika mpaka muda huo. Kitanda chake kilikuwa hakijaguswa. Akaenda chumbani kwa dada zake, mwili unamtetemeka, akawasomea. Tunayajua haya kwa sababu aliyaandika mwenyewe katika shajara yake. Kijana huyo ni Franz Kafka, na hadithi aliyoimaliza usiku ule kwa mkao mmoja ni "Hukumu".

Ndani yake kuna mfanyabiashara kijana anayekaribia kuoa. Anaingia chumbani kwa baba yake mzee kumweleza habari ya barua anayotaka kuituma kwa rafiki. Mzee anaonekana dhaifu, hata mwanawe anambeba mpaka kitandani na kumfunika. Ghafla mzee analitupa blanketi, anasimama wima juu ya kitanda, anamshushia mwanawe lawama za miaka mingi na kumhukumu afe maji. Mwana anatoka mbio, anavuka barabara, anajiachia kutoka darajani.

Baba yake Kafka, Hermann, alikuwa na duka la vitu vya urembo mjini humo. Alikuwa mtu wa umbo kubwa na sauti kubwa, aliyejitoa mwenyewe kwenye ufukara wa kijijini na kuwaona wanawe kuwa hawajui shida. Chumba cha Franz kilikuwa njia: aliyetoka sebuleni kwenda chumbani kwa wazazi alipita kwake. Kijana alisikia milango ikibamizwa, akamwona baba akikatiza huku joho lake la nyumbani likiburura nyuma. Ana kwa ana hakumjibu. Mwaka 1919 alimwandikia barua ya kurasa zaidi ya 100 kwa mkono, akimweleza kwa nini anamwogopa, na barua hiyo haikumfikia mwenyewe. Yale ambayo mdomo ulishindwa kuyasema yalikuwa yameshapita kwenye kalamu tangu usiku ule wa Septemba, tena yakiwa na nguvu ambayo hakuna barua ya malalamiko ingeweza kuwa nayo.

Sura hii inamhusu mtunzi wa namna hiyo: anayefunga mlango, na anayesukumwa na kitu ndani yake ambacho mchana angekikana.

Katika sura iliyopita tulikaa na Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu mwaka 1840. Muyaka alikuwa mtunzi wa baraza. Mashairi yake yalizaliwa mbele ya watu, katika majibizano na katika fitina za vita kati ya Wamazrui, Lamu na Seyyid Said. Shairi lilitoka asubuhi, likarudi na jibu. Yaliishi vichwani mwa watu, na ndiyo maana mwishoni mwa karne ya 19, miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua aliweza kumkusanyia mmisionari W. E. Taylor mashairi hayo kutoka midomoni mwa wakazi wa mji. Mtunzi wa aina hiyo anahitaji mpinzani na hadhira. Mwondolee watu, umemwondolea wino.

Mtunzi wa chumbani yuko kinyume chake. Watu anawapenda pengine kuliko tunavyodhani, lakini kazi haiji wakiwapo. Mara nyingi anachokiandika kinamshangaza yeye kwanza.

Aliyetupa njia nzuri zaidi ya kumweleza ni Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, aliyeishi kuanzia 1875 hadi 1961. Jung alisema kila mtu ana kivuli. Mtoto anapolelewa hufundishwa kipi kionekane na kipi kifichwe: usilie, usimjibu mkubwa, usitamani cha mtu, usijione. Anatii, kwa sababu kupendwa kunategemea kutii. Lakini hasira iliyokatazwa haifi, wala tamaa, wala wivu. Hukaa nyuma ya mtu, na kadiri anavyokataa kuitazama ndivyo anavyoiona kwa wengine. Tunayemchukia kupita kiasi mara nyingi amebeba kitu chetu. Jung aliongeza jambo ambalo wengi hulisahau: gizani hamkusukumwa mabaya matupu. Mtoto aliyeambiwa asijione huficha na kipaji chake humo humo.

Katika insha yake ya mwaka 1930 kuhusu fasihi, alitenga aina mbili za kazi. Ya kwanza huchota kwenye maisha yanayofahamika, yaani mapenzi, ndoa, ugomvi wa urithi, na mwandishi anajua anachokifanya. Ya pili humjia mwandishi kama njozi kutoka kusikojulikana, naye huwa mtumishi wake. Alitoa mfano wa *Faust* ya Goethe: sehemu ya kwanza ni ya aina ya kwanza, sehemu ya pili ni ya aina ya pili. Kazi za aina hii ya pili humchanganya msomaji na hata kumchukiza, kwa kuwa zinamletea kivuli chake mwenyewe mlangoni.

Jung hakuyasema haya kwa kusoma vitabu tu. Mwaka 1913, akiwa na miaka 38, urafiki wake na Sigmund Freud ulivunjika, na muda mfupi baadaye zilimjia njozi zilizomtia hofu kwamba anarukwa na akili. Aliona mafuriko yakifunika Ulaya, maji yakageuka damu. Badala ya kukimbia, aliamua kuziingia usiku baada ya usiku na kuziandika kwenye madaftari. Baadaye alizinakili katika kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi nyekundu, kwa mwandiko wa mapambo kama wa watawa wa kale, na kuchora picha kwa mkono wake. Kazi hiyo ilimchukua hadi karibu mwaka 1930, na kitabu hakikutolewa kwa wasomaji hadi 2009.

Sasa tazama kilichomshika asianguke. Kipindi hicho chote Jung aliendelea kuwaona wagonjwa wake, na nyumbani walikuwapo mke na watoto watano. Alieleza uzeeni kwamba alikuwa akijikumbusha mambo ya kawaida kabisa: nina shahada ya udaktari, nina wagonjwa wa kuwasaidia, nina mke na watoto watano, naishi Küsnacht, Barabara ya Seestrasse, namba 228. Alimtaja Nietzsche kama mfano wa mtu aliyekosa ardhi ya namna hiyo chini ya miguu yake. Mtu anayeandika njozi za damu usiku, halafu anajikariria namba ya nyumba yake ili asipotee: nadhani hapo ndipo siri ya mtunzi wa chumbani ilipo. Kivuli kinampa moto, lakini kinachotoa kitabu ni uwezo wa kuushika moto huo bila kuungua.

Utafiti ulikuja kusema hivyo hivyo kwa lugha ya vipimo. Katika miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa na taasisi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, iliyochunguza haiba za watu wabunifu. Donald MacKinnon na wenzake waliwaita wasanifu majengo 40 mashuhuri wa Marekani. Mwenzake, Frank Barron, aliwachunguza waandishi. Majibu ya waandishi kwenye vipimo vya matatizo ya akili yalikuwa juu sana kuliko ya watu wa kawaida: huzuni, hofu, mawazo ya ajabu. Kwa kuangalia hapo tu, ungesema ni wagonjwa. Lakini kipimo kingine, kile cha nguvu ya nafsi, yaani uwezo wa mtu kujisimamia na kurudi sawa baada ya msukosuko, nacho kilikuwa juu. Kwa kawaida vitu hivyo viwili havikai pamoja, maana mwenye dalili nyingi huwa na nguvu kidogo. Waandishi walikuwa na vyote.

Matokeo hayo yanastahili kujulikana kuliko ile hadithi iliyozoeleka ya msanii mwendawazimu. Ni kweli kwamba mwaka 1987 Nancy Andreasen alichapisha utafiti uliowalinganisha waandishi 30 wa warsha mashuhuri ya Iowa na watu 30 wa kazi nyingine, akakuta waandishi 8 kati ya kila 10 waliwahi kupata maradhi ya hisia, kama vile sonona, dhidi ya 3 kati ya 10 kwa wengine. Ni kweli pia kwamba watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipopitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni moja, waligundua kuwa watu wa kazi za ubunifu kwa jumla hawaugui akili kuliko wengine, ukiondoa ugonjwa wa hisia mseto, ila waandishi wao wamo hatarini zaidi, hata katika kujiua. Takwimu hizo zinanisikitisha, na sioni chochote cha kujivunia ndani yake. Kijana anayeacha dawa zake kwa kuamini kwamba zinamwibia kipaji amedanganywa, na aliyemdanganya ni sisi tunaosimulia maisha ya wasanii kana kwamba maradhi ndiyo yaliyoandika.

Turudi kwa Kafka wa mchana, ambaye husimuliwa mara chache. Kuanzia 1908 hadi 1922, kifua kikuu kilipomstaafisha, alifanya kazi katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi huko Bohemia. Hakuwa karani wa kupiga mihuri. Alikagua viwanda, aliandika hoja za kisheria, alipanda cheo. Mojawapo ya taarifa zake inahusu mashine za kuranda mbao. Mashine za zamani zilikuwa na mhimili wa pembe nne, na mwanya kati ya mhimili na meza ulitosha kuumeza mkono. Fundi akiteleza kidogo, vidole vinakwenda. Kafka alitetea mhimili wa mviringo usioacha mwanya, na taarifa ikawekewa michoro ya mikono iliyokatika vidole ili wenye viwanda waone kwa macho. Miaka michache baadaye, mwaka 1914, aliandika hadithi ya mashine inayomuua mfungwa polepole kwa kumchora hukumu yake mwilini kwa sindano. Ofisi ilimlisha.

Yeye mwenyewe aliilalamikia ofisi hiyo maisha yake yote, na nani atamlaumu? Alitoka kazini saa nane mchana, akala, akalala, akatembea, akakaa na familia mezani, akaanza kuandika usiku mwingi nyumba ilipotulia. Hata hivyo nadhani hakujitendea haki. Saa zile za kazi, pamoja na kuchosha kwake, zilikuwa ukuta wa chumba chake. Tena alikuwa na mtu mmoja, Max Brod, aliyemsomea karibu kila alichokiandika. Kafka alimwachia maagizo achome miswada yote. Brod alikuwa ameshamwambia waziwazi kwamba hatafanya hivyo, na ndiyo sababu tuna *Kesi*, iliyotoka mwaka 1925, mwaka mmoja baada ya Kafka kufa. Hata mpweke huyu aliyepindukia alihitaji msomaji mmoja mkaidi.

Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili, mwenzake wa karibu kabisa ni Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*, ilitoka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha. Nchi ilikuwa inajengwa, na fasihi nayo ilitarajiwa kushika jembe. Yeye akaleta binti wa Ukerewe mwenye baba mlevi na mkali, anayelelewa kwa hofu, anayepotea akishapata uhuru, na anayeishia kujiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni, kikaja kurudishwa baadaye. Kile ambacho wazazi hawakutaka kukizungumza na mabinti zao sasa kilikuwa kimechapishwa, kina jina la kisiwa na sura ya jirani.

Mwaka 1974 alitoa *Kichwamaji*. Msimulizi wake, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao likizo na kukuta hana tena mahali pa kukaa. Elimu imemtenga na wazazi wake, na imani ya utotoni imemwacha. Anamjua Manase, kijana mwenzake aliyemharibia maisha Rukia, dada yake Kazimoto, na ndani ya Kazimoto kuna kiu ya kisasi anayoijua vizuri na kuionea haya. Ukisoma polepole unaona jinsi Kazimoto na Manase wanavyofanana. Anayemchukia amebeba sehemu yake. Kazimoto analiona hilo taratibu mno, na linapokamilika anajiua.

Nisieleweke kwamba Kezilahabi alikuwa Kazimoto. Kosa hilo wasomaji hulifanya sana, na limewaumiza waandishi wengi. Tazama tofauti yao: Kazimoto anakufa mwishoni mwa kitabu, na mwaka uliofuata, 1975, mwandishi wake akatoa *Dunia Uwanja wa Fujo*. Alikuwa mwalimu. Aliandika tasnifu ya umahiri juu ya riwaya za Shaaban Robert, akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapata udaktari mwaka 1985 kwa kazi ya falsafa na ufasiri wa fasihi, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana. Kukata tamaa kulimuua mhusika, lakini mwandishi alikuwa na madarasa ya kufundisha, karatasi za kusahihisha na sentensi za kupanga. Hiyo ndiyo nguvu aliyoipima Barron.

Mwaka ule ule wa 1974 ilitoka *Kichomi*, diwani iliyoacha vina na mizani na kuzua malumbano makali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Mengi yamesemwa juu ya ugomvi huo. Mimi naongeza moja tu. Shairi la baraza linahitaji vina na mizani kwa sababu kubwa: linaimbwa, linakaririwa, linajibiwa, na sikio ndilo mlinzi wake. Shairi la chumbani linasomwa na mtu mmoja kimya, na mstari unaweza kukatika pale pumzi ya wazo inapokatika. Wanamapokeo walikuwa wanalinda mahali pa watu kukutania, na walikuwa na haki ya kuogopa. Kezilahabi naye alikuwa na haki ya chumba chake. Vitabu vyake viwili vya mwanzoni mwa miaka ya 1990, *Nagona* na *Mzingile*, vilikwenda mbali zaidi chumbani humo. Ni vyembamba, vimejaa njozi, na vimewashinda wasomaji wengi. Kwangu ndivyo vitabu vyake vikubwa kuliko vyote. Alifariki Januari 2020.

Mtunzi wa chumbani hana sifa nzuri katika nyumba zetu. Anayejifungia huulizwa anaficha nini. Anaambiwa anaringa, au amerogwa, au ana lake jambo. Tunalea watoto wetu mbele za watu, na kukaa peke yako bila sababu ni kuwakosea adabu wenzako. Mtoto anayeandika usiku hukatazwa mara mbili: kwanza anaharibu macho na mafuta ya taa au umeme, pili anaandika mambo yasiyofaa. Daftari lake likisomwa bila ruhusa, likaletwa sebuleni na kuchekwa, huenda asiandike tena neno la kweli mpaka uzeeni. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu hatuwezi kujua vitabu vingapi vya Kiswahili viliishia sebuleni namna hiyo.

Basi nakuomba, wewe mwenye mtoto, mke, mume au ndugu wa aina hii. Ukiona anajifungia, lakini anatoka akala, akalala, akaenda kazini au shuleni, na kurasa zinaongezeka, mwache. Usilifungue daftari lake. Akikuandika ndani ya hadithi na ukajitambua, usimwite kumhoji kabla hujaisoma mpaka mwisho. Lakini ukiona haandiki tena, hali, halali, anasema hana haja ya kuishi, hapo hakuna utunzi wa kulindwa. Gonga mlango, ingia, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.